Mkuki Uliokuwa Darini: Nani Aliufua, Nani Aliubeba?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Baada ya arobaini ya babu yetu tulileta mafundi wabadilishe bati la nyumba yake hapa Muheza, nao wakashusha kutoka darini mkuki uliofungwa ndani ya mkeka. Bapa lake lina urefu wa sentimita 78, na upana wake hauzidi sentimita 5. Chini ya bapa kuna kipande kifupi cha mti mweusi cha kushikia, kisha chuma chembamba kama nondo kinachoishia kwa ncha. Ukiusimamisha unakaribia mita 1.80. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli, Korogwe na Moshi, tangu kabla ya Uhuru, na hakuwahi kututajia habari za mkuki huu. Mjomba anasema ni wa Kimasai wa kuulia simba, jirani anasema ni silaha ya askari wa Kijerumani, na mnunuzi mmoja wa vitu vya kale, baada ya kuona picha zake kwenye simu, ameahidi kutulipa vizuri bila kutaja kiasi. Je, ni mkuki wa wapi, wa lini, na tufanye nini nao? — M.S., Muheza

JIBU: Ndugu M.S., poleni kwa msiba. Vipimo ulivyotuandikia vimetupunguzia kazi kubwa, kwa sababu wasomaji wengi hutuletea picha moja ya mbali na kutaka tutaje kabila na mwaka.

Dai la jirani tulimalize kwanza. Askari wa jeshi la Wajerumani huku kwetu walibeba bunduki yenye singe, wala hawakupewa mikuki. Wapanda farasi wa Ujerumani walikuwa na mikuki kwao Ulaya, lakini ile iliyotolewa kuanzia mwaka 1890 ilikuwa bomba la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita tatu na ncha fupi ya pembe nne. Hakuna mhunzi wa Ulaya aliyetengeneza, kwa ajili ya jeshi lolote, bapa la sentimita 78 lenye mpini wa kiganja kimoja na nondo chini yake. Muundo huo ni wa Afrika Mashariki, tena wa eneo linalojulikana vizuri: nyanda za Wamasai pamoja na milima inayozizunguka.

Mjomba amekaribia ukweli zaidi, ila jina "mkuki wa Kimasai" linahitaji kupimwa. Mkuki wa vipande vitatu, yaani bapa refu, mti mfupi wa kushikia na chuma cha chini cha kuuchomeka ardhini, ulikuwa silaha ya wamorani, na ndivyo unavyotambulika duniani kote. Lakini Wachaga, Waarusha, Wameru, Wakikuyu na baadhi ya Wanandi nao walibeba mikuki ya muundo huohuo au unaokaribiana nao sana, ama kwa kuwa walipigana na Wamasai, ama kwa kuwa walifanya nao biashara, ama kwa kuwa vijana wao walipenda kuonekana kama wao. Kwa hiyo umbo la mkuki hutuambia mtindo uliofuatwa na mbebaji. Halituambii moja kwa moja mkono uliolifua bapa, na hapo ndipo wauzaji wengi wa vitu vya kale hupotosha wateja, wengine kwa kutojua na wengine kwa kujua kabisa.

Mmorani hakufua chuma. Miongoni mwa Wamasai kazi hiyo ilikuwa ya koo za wahunzi zinazoitwa ilkunono, watu waliotegemewa kwa kila upanga na kila mkuki, huku wakitengwa kiasi kwamba familia nyingine hazikuoana nao. Wahunzi hao hawakutosheleza mahitaji yote. Upande wa Kilimanjaro, wahunzi wa Kichaga walifua mikuki kwa ajili ya mangi, yaani watawala wao, na pia kwa kuuza, na wanunuzi wao wakubwa walikuwa Wamasai wa tambarare. Chuma chenyewe, kabla ya bidhaa za pwani kuzagaa, kilitoka kwa kiasi kikubwa Upare ya Kaskazini, hasa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi hata ukashika utawala, kabla haujaondolewa na ukoo wa Wasuya. Huko walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito, wakauyeyusha katika tanuri za udongo kwa makaa na mivuo, na kipande kilichotoka kikasafiri kwenda kwa mhunzi mwingine akakifanye jembe au mkuki. Tukiyaweka hayo pamoja, mkuki mmoja uliobebwa na kijana wa Kimasai huko Sanya ungeweza kuwa na chuma cha Kipare, ufundi wa Kichaga na mti uliokatwa msitu wowote wa njiani. Atakayekuuliza ni wa kabila gani, mwulize kwanza anataka kujua kipande kipi.

Sasa tuje kwenye umri, ambako bapa lako lina mengi ya kusema. Mikuki ya zamani zaidi ya eneo hilo ilikuwa na bapa fupi na pana, mfano wa jani, juu ya mti mrefu. Bapa refu na jembamba lilienea katika nusu ya pili ya karne ya 19, na Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umasaini mwaka 1883 na 1884, aliwakuta wamorani wakiwa tayari na mabapa marefu. Sababu moja kubwa ni bidhaa iliyopita karibu na mlango wenu. Misafara iliyotoka Pangani, Tanga na Mombasa kwenda Taveta na Kilimanjaro ilipeleka shanga, nguo na mizigo ya seng'enge, yaani waya nene za chuma zilizopakuliwa Unguja kutoka Ulaya. Thomson mwenyewe alibeba seng'enge, kwa kuwa bila hiyo asingepewa njia. Wanawake waliivaa mikononi na miguuni, nao wahunzi waliikata, wakaikunja, wakaifua pamoja hadi ikawa kipande kimoja. Mahali ambapo chuma kilipatikana kwa kilo badala ya vipande vidogo vya tanuri, mhunzi alithubutu kutengeneza bapa la sentimita 70, 80 au zaidi, na kijana akapata silaha inayong'aa kutoka mbali.

Isitoshe, mkuki ulifuata rika. Kila kundi la vijana waliotahiriwa pamoja lilipenda kujitofautisha na waliolitangulia, na urefu wa bapa, upana wake na mabega yake yalikuwa sehemu ya kujitofautisha huko. Mwanaakiolojia Roy Larick alilichunguza jambo hili kwa Wasamburu katika miaka ya 1980, akaonyesha jinsi umbo la mkuki linavyokwenda na umri na rika la mwenyewe. Ndiyo maana mzee wa Kimasai aliyeuzoea mkuki huangalia bapa na kutaja rika kabla ya kutaja mwaka. Nakushauri umtafute mzee wa namna hiyo, Handeni au Kiteto si mbali nawe, na umwonyeshe mkuki wenyewe badala ya picha.

Kabla ya hapo, uangalie wewe mwenyewe mchana, nje, jua likiwa upande. Anza pale bapa linapokutana na mti. Mhunzi wa zamani alifanya tundu la kupokea mti kwa kutandaza chuma na kukikunja, na mara nyingi mshono wa mkunjo huo huonekana kama ufa mwembamba ulionyooka, wakati mwingine ukiwa haujafunga kabisa kwenye ukingo. Ukiona mshono wa kuchomelea kwa umeme, wenye mawimbi madogo na matone ya chuma, mkuki ni wa zama zetu au umetengenezwa upya. Ukiona hesi za kufungulia vipande, basi ni bidhaa ya watalii, iliyokusudiwa kuingia ndani ya sanduku la safari. Jaribu kuuzungusha taratibu bila kutumia nguvu.

Kisha fuata mgongo wa bapa, ule mwinuko wa katikati, kuanzia juu hadi chini. Bapa lililofuliwa kwa nyundo halinyooki kikamilifu. Mgongo huenda ukiyumba kidogo, na pande mbili hazilingani unene. Mashine ya kusagia, kwa upande wake, huacha mikwaruzo sambamba inayokata bapa kwa mshazari, kila mkwaruzo sawa na mwenziwe. Tazama pia pale kutu ilipokula kwa kina. Katika chuma cha kufuliwa kwa tabaka, kutu hufichua mistari myembamba inayokwenda kwa urefu wa bapa, mahali ambapo vipande viliungana motoni. Chuma cha springi za lori hakina mistari hiyo. Kutu yake huwa vishimo vilivyotawanyika tu. Springi zilianza kutumiwa na wahunzi magari yalipoongezeka, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mpaka leo ndizo malighafi ya mikuki mingi ya Umasaini, mikuki halisi inayobebwa na wachungaji halisi. Kwa hiyo springi haimaanishi kwamba mkuki ni wa bandia. Inamaanisha kwamba si wa karne ya 19.

Sumaku haitakusaidia, kwa kuwa vyuma vyote hivyo hushikwa nayo. Na kutofautisha kwa macho chuma cha tanuri la Ugweno na seng'enge ya Ulaya ya zama hizo haiwezekani, mtu asikudanganye. Hiyo ni kazi ya maabara yenye darubini.

Mti wa kushikia uutazame mwishoni. Uliotumika kwa miaka huwa laini na wenye mng'ao wa mafuta ya mikono katikati, na mkavu zaidi kwenye ncha zake mbili. Mti unaong'aa sawasawa kote umepakwa rangi ya viatu au vanishi. Weusi peke yake si hoja, maana miti mingi hufanywa myeusi kwa moto na samli. Kumbuka pia kwamba mti ndio kipande kinachovunjika kwanza, na mkuki wa babu na mjukuu huweza kuwa na bapa moja na miti kadhaa.

Kwa vipimo ulivyotoa, na ikiwa mshono wa mkunjo upo na mistari ya urefu inaonekana, mimi ningeuweka mkuki wako kati ya miaka ya 1880 na mwanzo wa karne ya 20, na ningeutafutia mhunzi upande wa Kilimanjaro kabla ya kwenda mbali zaidi. Ikiwa mistari hiyo haipo, usogeze mbele hadi zama za Mwingereza, ambazo ndizo za babu yako. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mtu aliyefanya kazi kwenye njia hiyo miaka mingi alikutana na wafugaji, wakulima na wafanyabiashara kila juma. Mkuki ungeweza kumfikia kwa zawadi, kwa kununua, kwa rehani ya deni, au kwa kuachiwa na mwenzake aliyestaafu. Umbo la bapa haliwezi kuchagua kati ya hayo. Barua, picha za kazini, kitabu chake cha akiba na kumbukumbu za wazee waliofanya naye kazi zinaweza. Mkeka wenyewe msiutupe. Ususi na rangi za mkeka vinaweza kueleza ulisukwa upande gani, na kwa hiyo mkuki ulifungwa kabla au baada ya babu kurudi Muheza.

Kuhusu utunzaji, nasisitiza kwa sababu hasara nyingi hufanyika wiki ya kwanza. Msiusugue kwa msasa wala brashi ya waya, msiupake ndimu, na msiupeleke kwa fundi aung'arishe. Kile kinachoonekana kama uchafu ndicho ushahidi tuliokuwa tukiuzungumzia hapo juu. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, pakeni chuma mafuta mepesi ya cherehani kwa kiasi kidogo sana bila kugusa mti, na uwekeni mahali pakavu penye hewa. Kuufunga kwenye nailoni katika unyevu wa Tanga ni kuualika kutu.

Mnunuzi asiyetaja bei anangoja mtaje nyinyi. Kabla hamjamjibu, pigeni picha za karibu za tundu, mgongo, ncha na mti, zikiwa na rula pembeni, mziwasilishe kwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam au Arusha, au kwa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inadhibiti kupeleka vitu vya namna hii nje ya nchi, na anayekuahidi "soko la Ulaya" bila kuzungumzia kibali anakutaka uwe mshirika wake katika kosa. Kuuza si dhambi. Kuuza kabla ya kujua unachouza ni jambo jingine.

SWALI: Nilipokuwa mtoto Narok niliona mzee ana mkuki wenye kishada cha manyoya meusi kwenye ncha. Je, hilo ni pambo tu, na je, linasaidia kutambua umri wa mkuki? — Bi. N., Nakuru

JIBU: Bi. N., kishada hicho ni cha manyoya ya mbuni, na kazi yake ilikuwa kufunika ncha. Mwenye mkuki uliofunikwa alitangaza kwamba amekuja kwa amani, na waliomwona kutoka mbali walilisoma tangazo hilo kabla hajafika. Kwa umri wa mkuki hakisaidii, kwa sababu huvaliwa na kuvuliwa, nacho huchakaa haraka. Vishada vingi vinavyouzwa leo pamoja na mikuki vimetengenezwa kwa ajili ya mauzo hayohayo.

SWALI: Ninaishi Bremen. Katika mnada wa vitu vya nyumba ya marehemu mmoja nilinunua mkuki mfupi wenye bapa pana, ambao mti wake umeandikwa kwa wino "D.O.A. 1906", na chini kuna namba iliyofutika nusu. Bapa halina tundu. Lina mkia wa chuma ulioingizwa ndani ya mti na kufungwa kwa ngozi. Muuzaji alisema ni wa Kizulu. Mimi ni mzaliwa wa Ruvuma na maandishi hayo yananinyima usingizi. — H.K., Ujerumani

JIBU: Ndugu H.K., una haki ya kukosa usingizi. Herufi hizo ni kifupisho cha jina la Kijerumani la koloni lao la Afrika Mashariki, na mwaka 1906 ni katikati ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 na kumalizika 1907. Kosa la muuzaji nalo linaeleweka. Mkuki mfupi wa kuchomea kwa mkono, wenye bapa la mkia lililofungwa kwa ngozi, ni desturi ya kusini mwa Afrika. Wangoni walitoka huko wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo chake huko Ufipa baadhi yao wakafika hadi Songea. Majirani waliopigana nao waliiga silaha na mbinu zao, wakiwemo Wahehe, ambao mwaka 1891 pale Lugalo waliangamiza kikosi cha ofisa wa Kijerumani Emil von Zelewski. Kwa hiyo mkuki unaofanana na wa Kizulu, wenye maandishi ya koloni la Wajerumani, unaweza kabisa kuwa wa Kingoni au wa Kihehe. Mwaka na herufi hizo vinauelekeza kusini mwa Tanzania kwa nguvu kuliko umbo lenyewe.

Lakini usirukie hitimisho. Mwaka ulioandikwa unaweza kuwa wa kuteka, wa kununua, wa kurudi nyumbani au wa kuandikisha, na si kila Mjerumani aliyekuwa huku 1906 alikuwa vitani. Walikuwapo wamisionari, walowezi na wafanyabiashara, na wote walikusanya mikuki. Ni kweli pia kwamba silaha nyingi zilizotekwa katika vita hivyo zilipelekwa Berlin, na nyingine zikabaki katika nyumba za maofisa kama ukumbusho wao.

Namba iliyofutika ndiyo njia yako bora. Isomeke kwanza. Ipige picha kwa taa ya pembeni, kisha kwa simu yenye uwezo wa kuongeza tofauti ya rangi, bila kuilowesha wala kuisugua. Ikiwa inaanza na "III E", hiyo ni alama ambayo makumbusho ya ethnolojia ya Berlin iliiweka kwenye vitu vya Afrika Mashariki, na kitabu chao cha usajili kitakuwa na jina la aliyekileta na mara nyingine mahali kilipotoka. Alama hiyo itazua swali jingine, yaani kitu kilitokaje humo kikafika mnadani. Makumbusho za zama hizo zilibadilishana na kuuza vitu walivyoviona vimezidi, na kampuni za biashara kama J.F.G. Umlauff ya Hamburg zilivisambaza, hivyo si lazima kiwe kimeibwa. Ikiwa ni namba tupu, jaribu makumbusho ya mji wako mwenyewe, kwa sababu Bremen nayo ilipokea mizigo mingi ya koloni.

Waombe waliouza mnada jina la familia na picha za nyumba kabla haijahamishwa. Cheo cha marehemu au cha babu yake, na kituo alichotumikia, vinaweza kupatikana katika orodha za maofisa wa jeshi la koloni zilizochapwa wakati ule, na orodha hizo zinasomeka katika maktaba kubwa za Ujerumani. Ukipata jina la kituo, kwa mfano Songea, Iringa au Mahenge, umepata zaidi ya wanavyojua wamiliki wengi wa mikuki ya aina hii.

Songea kuna Makumbusho ya Maji Maji, mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, Songea Mbano akiwa mmoja wao. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendwa. Ukiamua mkuki wako urudi, waandikie wao kwanza, ukiambatanisha picha za maandishi, namba na mfungo wa ngozi kama ulivyo leo, pamoja na risiti ya mnada. Wakikujibu kwamba wangependa kuupokea, ubalozi wetu Berlin ndio utakaokuelekeza taratibu za kuusafirisha, maana shirika la ndege halitakubali uingie nao ndani kama mzigo wa mkononi.